Mawe ya Mwezi hayapimwi kwa kilo

Mhariri,

Kila chombo kinaporudi na mzigo kutoka mwezini, habari huanza na uzito. Juni 2024 Chang'e 6 ya China ilipoleta gramu 1,935.3 kutoka upande wa Mwezi usioonekana duniani, mara hesabu ikaanza: Wamarekani kwa safari zao za Apollo walileta kilo 382 kati ya 1969 na 1972, sasa hizi kilo mbili kasoro ni za nini? Hesabu hiyo inapotosha wasomaji, na inaifanya kazi ngumu ionekane kama kuokota kokoto njiani. Naomba nafasi nieleze sampuli hizo huchukuliwaje, maana anayeijua kazi hiyo huuliza kwanza jiwe limetoka wapi, lilikuwa limelalaje na limesafirishwaje. Kilo huzikumbuka baadaye.

Chukueni mfano wa Chang'e 5. Desemba 2020 ilirudi na gramu 1,731 kutoka Oceanus Procellarum, tambarare kubwa ya lava, karibu na mlima wa Mons Rümker. Watafiti walichagua vipande 47 vya basalti, yaani mwamba mweusi wa lava iliyoganda, wakapima risasi iliyotokana na kuoza kwa urani ndani ya madini yake, wakapata umri wa miaka bilioni 2.03. Basalti changa zilizoletwa na Apollo zina umri wa takriban miaka bilioni 3.1. Kwa hiyo katika kilo 382 zote hapakuwa na kipande cha kutuambia kwamba volkano za Mwezi ziliendelea kumwaga lava kwa miaka bilioni nzima zaidi. Hakuna aliyekosea, hakuna tu aliyekuwa ametua pale. Tena jibu hilo halihusu Mwezi peke yake. Umri wa nyuso za sayari kama Mirihi na Zebaki hukadiriwa kwa kuhesabu kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo: uso wenye kreta nyingi ni mzee, wenye chache ni kijana. Lakini hesabu hiyo inahitaji vigingi, yaani mahali ambapo kreta zimehesabiwa na jiwe la hapohapo limepimwa umri maabara. Kati ya miaka bilioni 3 na bilioni 1 iliyopita hapakuwa na kigingi hata kimoja, hadi zilipokuja gramu zile 1,731.

Vituo vyote 6 vya Apollo, na vitatu vya roboti za Luna za Umoja wa Kisovieti, viko upande unaoielekea Dunia. Luna 16 ilileta gramu 101 mwaka 1970, Luna 24 ikaleta gramu 170 mwaka 1976. Ni kiasi cha kujaa kiganjani, lakini basalti ya Luna 24 ina titani kidogo mno, tofauti kabisa na ile ya Apollo 11 iliyojaa titani. Gramu chache kutoka mahali papya zinaweza kufundisha kuliko gunia zima kutoka palepale.

Sasa tushuke ardhini. Kinachoitwa udongo wa Mwezi hakina mboji wala mfinyanzi, na hakijawahi kupitiwa na maji. Ni mawe yaliyopondwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka, vikubwa na vidogo, yakachanganyika na vioo vilivyoyeyuka na kugandana na chembe nyingine. Karibu nusu ya uzito wake ni chembe ndogo kuliko unene wa unywele, na kwa kuwa hakuna upepo wala mto wa kuzisugua, zimebaki na ncha kali. Tabaka hili lina kina cha mita 4 hadi 5 kwenye tambarare nyeusi za lava, na mita 10 hadi 15 kwenye nyanda za juu. Sentimita 15 za kwanza ni laini, kiasi cha gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Chini ya hapo chembe zimeshikamana na kubanana hadi karibu gramu 1.8. Kichoteo kinazama bila shida, kisha ghafla kinagonga kitu kigumu kama sakafu iliyoshindiliwa. Tofauti hiyo ndogo ya namba ndiyo iliyovuruga mipango mingi, kama nitakavyoeleza.

Mchukuaji naye ana vikwazo vyake. Vazi la anga la Apollo lilijazwa oksijeni kwa shinikizo la takriban robo ya hewa ya kawaida, likatuna kama mpira. Kuinama ilikuwa shida na kupiga magoti ilikuwa hatari ya kuanguka, ndiyo maana vifaa vyote vilikuwa na mipini mirefu: koleo la kunasia jiwe, kichoteo, reki, na mpini wa kuunganisha kwenye kifaa kingine. Glavu nayo imetuna, hivyo kila kufumba mkono ni kushindana na hewa iliyomo ndani. Baada ya saa chache vidole na misuli ya kigasha huchoka, na mkono uliochoka huangusha vitu. Kasi pia ina adabu yake. Mvuto wa Mwezi ni moja ya sita ya wa Dunia, na kichoteo kikiinuliwa kwa haraka udongo huruka nje wote. Huinuliwa polepole, na ikiwezekana mtu wa pili ndiye anayeshika kifuko. Vifuko vilikuwa vya tefloni, kila kimoja na namba yake, na ukingo wa alumini wa kukunja ili kisifunguke. Aliyejaza aliitamka namba kwa sauti kwenye redio, na waongozaji wa safari huko Houston, Marekani, wakaiandika. Namba ikikosewa hapo, jiwe linapoteza kwao.

Apollo 11 inaonyesha mazuri na mabaya ya haraka. Neil Armstrong aliposhuka, ndani ya dakika chache alichota karibu kilo moja ya udongo na vijiwe, akatia kifuko katika mfuko wa paja. Hiyo ilikuwa sampuli ya tahadhari: ikilazimu kuondoka ghafla, angalau kitu kimepatikana. Ni utaratibu mzuri, na hadi leo naona kila safari yenye watu ingefaa kuufuata. Lakini mwishoni muda uliisha. Sanduku lililopangiwa mawe ya kupigwa picha moja moja lilijazwa mawe yaliyookotwa harakaharaka, na mengi kati yake ilibidi yatafutwe baadaye ndani ya picha za jumla, jiwe kwa jiwe, ili ijulikane lilikuwa wapi na upande upi ulitazama juu. Udongo ulioongezwa kujaza nafasi ndani ya sanduku jingine, kwa upande wake, uligeuka hazina. Ndani yake vilipatikana vijipande vyeupe vya anothositi, mwamba wa karibu plagioklasi tupu, madini meupe mepesi, uliotoka nyanda za juu za mbali na kurushwa hapo na vimondo. Kutokana na vijipande hivyo, mtafiti John Wood na wenzake walitoa hoja kwamba Mwezi mchanga ulifunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka, na madini mepesi yakaelea juu yakaunda ganda. Hoja hiyo bado ndiyo msingi wa jiolojia ya Mwezi.

Kwa nini upande wa jiwe uwe na maana? Kwa sababu uso uliotazama juu umechimbwa vishimo vidogo vya vumbi la angani, umepigwa na upepo wa jua na kupenywa na miale kutoka nje ya mfumo wa jua. Mtafiti anayetaka kujua jiwe limekaa juani miaka mingapi lazima ajue juu ni wapi. Ndiyo maana safari za baadaye zilifuata utaratibu wa picha: moja jua likiwa mgongoni mwa mpigaji, mbili kutoka ubavuni, akipiga hatua moja kando katikati yake ili zilinganishwe na kuona umbo, moja yenye upeo wa macho au chombo nyuma yake ili pajulikane, na ya mwisho baada ya jiwe kuondolewa, ionyeshe shimo lililobaki. Kando ya jiwe walisimamisha nomoni, kijiti kinachoning'inia wima juu ya miguu mitatu. Urefu wake ni kipimo, kivuli chake kinaonyesha jua lilikuwa wapi, na kipande chake chenye rangi zinazojulikana husaidia kusahihisha rangi za picha. Maabara, jiwe huwekwa chini ya taa na kugeuzwa mpaka vivuli vyake vifanane na vya kwenye picha. Hapo limerudi kwao.

Mawe makubwa hupendeza macho, na lile la Apollo 16 lenye namba 61016 lina kilo 11.7. Lakini mtu akichagua kwa macho huchagua kinachong'aa au kilicho tofauti, na sampuli zake hazisemi kweli juu ya eneo zima. Kuanzia Apollo 15 tatizo hilo lilitibiwa kwa reki yenye meno yaliyoachana sentimita moja. Huvutwa juu ya eneo dogo, kila kijiwe kinachozidi sentimita moja hubaki, na pembeni huchukuliwa udongo wa karibu kilo moja kutoka palepale. Ni kazi isiyovutia kwenye televisheni, ila ndiyo inayomwezesha mtafiti kusema kwa haki ni aina gani za mwamba zilizopo na kwa uwiano gani.

Nataka kukaa zaidi kwenye mirija, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapodhani kazi ni rahisi. Udongo wa Mwezi umepangika kwa tabaka, kila tabaka likiwa limemwagwa na mgongano fulani. Ukichota kwa kichoteo unalikoroga lote. Mrija unaopigiliwa kwa nyundo huleta nguzo nzima na mpangilio wake, mradi umetengenezwa sawasawa. Mirija ya Apollo 11 ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 2, na mdomo wake ulipinda kuelekea ndani. Fikirini udongo ule uliobanana: ukiingia kwenye mdomo unaosinyaa hubanwa zaidi, hukwama, na mrija hugeuka kigingi kinachosukuma udongo pembeni. Buzz Aldrin, mwenzake Armstrong, alipiga nyundo hadi mpini ukabonyea, na mrija ukazama sentimita chache tu zaidi. Kwa Apollo 12 mdomo ulinyooshwa, na hali ikawa nafuu. Bado ukuta wa mrija ulikuwa mnene ukilinganisha na tundu lake, hivyo nguzo iliyotoka ilikuwa fupi kuliko kina kilichopigiliwa. Kuanzia Apollo 15 mirija ilikuwa na kipenyo cha sentimita 4 na ukuta mwembamba, miwili ikaunganishwa kufikia karibu sentimita 70. Nguzo ikishatolewa, kizibo husukumwa ndani kwa kijiti hadi kiguse udongo. Kizibo kisipokaa vizuri, udongo hutikisika njiani na tabaka huchanganyika, na hakuna maabara inayoweza kuzirudisha.

Kwa kina zaidi ilitumika keekee ya umeme wa betri. Katika Apollo 15 iliingia hadi karibu mita 2.4, kisha ikagoma kutoka. Wanaanga wawili, David Scott na James Irwin, ilibidi waivute pamoja kwa nguvu zao zote. Kisha mtego wa kushikia vipande vya bomba ili vitenganishwe ukaonekana ulifungwa kinyume, na dakika nyingi za thamani zikapotea hapo. Wapo waliouliza kama nguzo moja ya udongo ilistahili taabu hiyo. Ilistahili: picha za eksirei zilionyesha tabaka zaidi ya 40 ndani yake. Somo lilizingatiwa, na Apollo 16 na 17 zilipewa jeki ya kung'olea bomba. Apollo 17 ilileta nguzo ya karibu mita 3.

Roboti haina mikono ya kuvuta kwa hasira wala jicho la kubadili mpango papo hapo. Keekee ya Chang'e 5 ilipangiwa kwenda mita 2, ikakutana na mawe ikasimama karibu mita moja. Kama ingelazimishwa, ingeweza kuvunjika au kukwama na kukishikilia chombo. Iliyobaki ikachukuliwa na mkono wa roboti wenye kichoteo. Luna 24 iliwahi kufika karibu mita 2 kwa mbinu ninayoiona ya kupendeza sana: nguzo ya udongo iliingia kwenye mfuko laini mrefu, na mfuko ukaviringishwa kwenye gurudumu ndani ya kapsuli. Nafasi ilikuwa ndogo, tabaka zikahifadhiwa.

Roboti isiyotembea ina tatizo jingine. Inachota pale injini yake ilipopulizia moto. Moshi wa injini huondoa vumbi la juu na kuacha maji na gesi za nitrojeni juu ya chembe, vitu vilevile ambavyo mtafiti wa maji ya Mwezi anavitafuta. Ndiyo sababu ya kuwa na keekee pamoja na mkono: udongo wa chini haukuguswa na moshi. Na hata kwa wanaanga, udongo uliochotwa mbali na chombo ni safi kuliko wa karibu na ngazi.

Jiwe likishapatikana, adui anayefuata ni hewa yetu. Masanduku ya Apollo yalikuwa ya alumini, na kifuniko chake kilikuwa na ukingo mkali uliozama kwenye ukanda wa indiamu, metali laini kama nta, pamoja na pete za mpira. Kikifungwa mwezini, ndani hubaki ombwe la Mwezi, yaani utupu usio na hewa. Kanuni ni nzuri, ila chembe moja ya vumbi juu ya ukingo inatosha kuacha njia, na baadhi ya masanduku yalifika yakiwa yameshaingiza hewa. Wanaanga walipewa kinga ya kufunika ukingo hadi dakika ya mwisho, lakini vumbi lile hushika kila kitu. Indiamu nayo ina gharama yake: asitokee mtu anayepima indiamu katika sampuli za masanduku hayo na kuamini namba zake bila kujiuliza. Kila chombo kinachogusa jiwe kinaacha kitu. Kwa hiyo vifaa vinavyogusa sampuli maabara vimewekewa mipaka mikali: chuma kisichoshika kutu, alumini na tefloni, basi. Nyaraka huandika kila sampuli iliguswa na nini, na pete ya kidoleni haina ruhusa humo.

Mwanzoni maabara ya Houston ilijaribu kuyahifadhi mawe katika ombwe, watu wakiingiza mikono kwenye glavu ngumu. Wakati wa Apollo 11 glavu ilichanika, hewa ikaingia, na waliokuwa karibu wakajikuta karantini pamoja na wanaanga. Baadaye wakahamia makabati ya nitrojeni safi, yenye shinikizo linalozidi kidogo lile la chumba, ili panapovuja nitrojeni itoke na hewa isiingie. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Sehemu ya mkusanyiko huhifadhiwa White Sands, New Mexico, ili janga moja lisiteketeze zote. Watafiti hupewa gramu, mara nyingi chini ya hapo.

Subira imelipa kuliko kitu kingine chochote. Mrija namba 73001, uliopigiliwa na Apollo 17 Desemba 1972 kwenye maporomoko ya bonde la Taurus-Littrow, ulifungwa ndani ya chombo cha ombwe na kuachwa. Ulitobolewa mwaka 2022 kwa kifaa maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, gesi yake ikakusanywa kwanza, kisha ndipo udongo ukatolewa. Sampuli chache za safari hiyohiyo ziligandishwa mapema baada ya kufika, zikangoja miaka karibu 50. Waliozifungia hawakuwa na mashine za kuzipima, waliamini zitakuja.

Mhariri, ombi langu ni hili. Safari zinazopangwa zinaelekea ncha ya kusini ya Mwezi, penye mashimo ambayo jua halijayafikia kwa muda mrefu mno na ambamo kuna barafu. Sampuli ya namna hiyo haiwezi kutiwa katika kifuko cha tefloni na kubebwa kama basalti. Ikipata joto njiani, maji na gesi nyingine nyepesi huhama kutoka chembe hadi chembe au hutoroka kabisa, na kinachofika maabara ni vumbi kavu lisilo na habari. Waandishi wenu watakapoandika juu ya mizigo hiyo, pamoja na uzito tafadhali waulize: imetoka kina gani, umbali gani kutoka injini, ilipigwa picha kabla ya kuguswa, kufuli lilishika au lilivuja, na kipimajoto kilichosafiri nayo kilisoma nini kwa kila saa ya safari. Na kama barafu imefika ikiwa maji, tuambiwe iliyeyukia wapi.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za sayansi